Antena Ndefu Si Dawa

Lalamika mbele ya wachezaji watatu wa ndege za rimoti kwamba ndege yako ilikata mawasiliano ikiwa mita mia nne tu, na wawili kati yao watakujibu hata hujamaliza: ng'oa hiyo antena ya kiwandani, funga ya dBi 9. Wa tatu atakuuzia yake. Imani hii imekita mizizi kiasi kwamba mtu hununua rimoti na antena ya kubadilishia siku hiyohiyo, kabla hajarusha hata mara moja. Ile iliyokuja kwenye boksi huishia kwenye droo, pamoja na stika na kitabu cha maelekezo ambacho hakuna aliyekifungua.

Naipinga imani hiyo, shina na matawi yake. Antena ya rimoti ikivunjika, nunua inayofanana na iliyovunjika: masafa yaleyale, konekta ileile, ukubwa uleule au unaokaribiana nao. Isipovunjika, iache ilipo. Anayetaka chombo chake kiisikie rimoti kutoka mbali zaidi ana kazi nyingine za kufanya, nyingi zikiwa za bure, na karibu zote ziko upande wa pili, kwenye chombo chenyewe.

Tuanze na hiyo dBi, maana ndiyo namba inayouza. Antena haina betri wala transista. Ikipewa miliwati 100 na rimoti, haiwezi kutoa hata miliwati 101. Namba ya dBi haisemi lolote kuhusu nguvu. Inaeleza umbo la mawimbi yanayotoka. Ni ulinganisho wa antena halisi na antena ya kufikirika ambayo ingetawanya mawimbi sawasawa kila upande, juu na chini, mbele na nyuma. Kijiti cha kawaida cha rimoti ya gigahezi 2.4 ni daipoli ya nusu wimbi au kitu kinachokaribiana nayo, na daipoli ya namna hiyo ina dBi 2.15. Hutupa mawimbi yake ubavuni, kuizunguka pande zote, na kwenye ncha na mzizi hutoka machache mno. Ukitaka ifike dBi 5 au 9 bila kuacha kuzunguka pande zote, njia ni moja tu, nayo ni kubana. Chukua donge la unga wa chapati ulikandamize: kingo zinakwenda mbali zaidi, katikati panakuwa pembamba, na unga ni uleule. Antena ya dBi 9 ni donge lililokandamizwa mpaka likaonyesha mwanga upande wa pili.

Kwa vipimo, daipoli hufunika nyuzi kama 78 za wima kabla nguvu haijashuka hadi nusu. Antena ya dBi 8 au 9, ile ya kweli, hubaki na nyuzi kama 15. Saba na nusu juu, saba na nusu chini, basi.

Hapa mtetezi wa antena kubwa huwa na jibu, na si jibu la kipuuzi. Atasema: ndege ikiwa karibu juu ya kichwa, mawimbi ni tele, hata ukipoteza desibeli kumi hutajua; ikiwa mbali, iko chini karibu na upeo wa macho, ndani kabisa ya hizo nyuzi 15. Ingekuwa kweli kama rimoti ingefungwa kwenye nguzo. Lakini rimoti hushikwa mkononi. Mtu huiinamisha akisoma skrini, huiinua jua likimpiga usoni, huishusha hadi tumboni mikono ikichoka, na akitishika huikumbatia kifuani. Inamisha daipoli nyuzi 10, na hakuna kitakachobadilika cha kukushughulisha. Inamisha ile ya dBi 9 nyuzi hizohizo 10, na desibeli kama 5 zimekwenda, yaani zaidi ya theluthi mbili ya faida uliyolipia. Ifikishe nyuzi 20, na ndege sasa iko kwenye shimo lililo kati ya mwale mkuu na vimiale vya pembeni, mahali ambapo kijiti cha bure kingeendelea kusikika bila shida.

Tena wengi wetu hatuisimamishi antena wima. Tulifundishwa, na tulifundishwa vizuri, tusiilenge ndege kwa ncha ya antena, kwa hiyo tunaikunja ilale kando ili ubavu wake utazame mbele. Kwa daipoli hilo halina madhara. Antena ya dBi 9 ikilazwa, wembamba wake unalala pamoja nayo, na mwale uliokuwa umebanwa juu na chini sasa umebanwa kushoto na kulia. Ndege ikivuka uwanja, kifua chako lazima kiifuate kama alizeti lifuatavyo jua, bila kuchelewa, la sivyo unairusha kwa mabaki. Watu wangapi hufanya hivyo? Simama nyuma ya mstari wa marubani Jumamosi yoyote uone: vichwa vinageuka, mabega yametulia.

Antena hizo ndefu zilitengenezwa kwa ajili ya ruta ya Wi-Fi. Ruta imekaa ukutani, haitikisiki, na wanaoisikiliza wako ghorofa ileile. Huko zinafanya kazi yake sawasawa, na sina ugomvi nazo.

Sasa tukubali, kwa ajili ya mabishano tu, kwamba mikono yako haitetemeki kamwe. Umepata nini? Mwaka 1946 Harald Friis, mhandisi mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi Bell Labs huko Marekani, alichapisha fomula fupi inayotumika hadi leo kukadiria mawimbi yatakayofika upande wa pili. Mahali peupe, nguvu hupungua kwa mraba wa umbali. Maana yake, kuongeza umbali mara mbili kunadai desibeli 6. Ukitoka dBi 2 kwenda 5 umepata desibeli 3, na umbali umeongezeka mara 1.4. Ukitoka 2 kwenda 9 umepata desibeli 7, na umbali ni mara 2.2. Hiyo ni kwenye karatasi, antena ikiwa halisi na ndege ikiwa katikati ya mwale.

Seti nzima ya kisasa ya gigahezi 2.4, yenye risiva ya antena mbili iliyofungwa ipasavyo, hufika kilomita moja na zaidi angani ikiwa na kijiti chake cha kiwandani. Nawe unairusha ndege hiyo kwa macho. Ndege yenye mabawa ya mita moja na nusu ikifika mita 500 ni doa, na hujui kama inakuja au inakwenda. Macho yanaishiwa kabla ya redio. Kwa hiyo anayekata mawasiliano mita mia nne hana upungufu wa dBi. Ana kitu kilichoharibika, au kilichofungwa vibaya, na antena mpya ya rimoti itamfichia kasoro hiyo kwa wiki kadhaa hadi siku itakapojitokeza ndege ikiwa juu ya paa la mtu.

Tazama upande wa risiva. Waya mwembamba wa kijivu au mweusi unatoka kwenye kiboksi, na mwishoni ganda la nje limevuliwa ubaki uzi mtupu wenye urefu wa milimita 31 hivi. Hizo milimita ndizo antena. Sehemu nyingine yote ni kebo tu. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, na robo yake ni hizo milimita 31. Nimeona watu wamezifunga kwa gundi ya moto pamoja na waya za mota. Nimeona zimekatwa nusu kwa sababu "zilikuwa zinaning'inia". Zimebanwa na kifuniko cha betri mpaka ganda likapasuka. Zimelazwa ndani ya kiwiliwili cha kaboni, na kaboni huyazuia mawimbi haya vibaya sana. Kisha mwenye ndege anakwenda kununua antena ya rimoti.

Hata konekta ndogo iliyo ndani ya risiva, ile ya U.FL inayobonyezwa kama kifungo cha shati la mtoto, watengenezaji wake huipa maisha ya kuchomeka na kuchomoa mara 30 hivi. Mtu anayehamisha risiva kutoka ndege hadi ndege huzimaliza bila kujua, na konekta iliyolegea hufanya kazi mezani na kukataa kwenye mtikisiko.

Halafu kuna mwelekeo wa mawimbi. Antena ya rimoti ikiwa wima na ya risiva ikiwa imelala kiubavu, zinasikilizana kwa shida; katika hali halisi ya uwanjani hasara inaweza kufika desibeli 20. Rudi kwenye hesabu ya Friis: desibeli 20 ni umbali mara kumi. Ndiyo sababu risiva nyingi za ndege hupewa waya mbili, na maelekezo husema zitengane kwa nyuzi 90, mmoja hivi, mwingine vile, ili ndege ikipinduka bado kuna mmoja unaosikia. Kuzipanga hivyo ni kazi ya dakika tano na kipande cha mrija wa soda. Hakuna duka duniani linalouza antena ya kuzunguka pande zote ya kushika mkononi itakayokupa desibeli 20.

Wenye magari na boti wananunua ndoto zaidi kuliko wenye ndege. Kwao Friis peke yake hatoshi, kwa sababu chombo kiko chini. Wimbi la moja kwa moja na lile linalogonga ardhi na kuruka hukutana kwenye risiva na kuuana, na baada ya mita chache za mwanzo nguvu haipungui tena kwa mraba wa umbali bali kwa kipeo cha nne cha umbali: kuongeza umbali mara mbili kunadai desibeli 12. Zile desibeli 3 za antena mpya, ambazo angani zilikupa mara 1.4, hapa zinakupa mara 1.2 kasoro kidogo. Lakini katika hali hiyohiyo, kuinua antena ya risiva kutoka sentimita 5 hadi 10 juu ya ardhi huleta desibeli 6 zima, kwa gharama ya kamrija ka plastiki. Kamrija hako huja na gari jipya, kamesimama nyuma ya bodi. Na ni kitu cha kwanza watu kukitupa, kwa sababu kinaharibu sura ya gari. Wakishakitupa na waya wakiukunja chini ya bodi, wanasema rimoti ni dhaifu.

Nikija kwenye ununuzi wenyewe, kuna mambo ambayo yangetosha kumtia mtu woga hata kama hesabu zote hizi zingekuwa upande wake. Pita Kariakoo au Luthuli Avenue uulize antena ya gigahezi 2.4, utaonyeshwa ndoo nzima. "Chukua hii ya kumi na mbili, bosi, hii inafika mbali." Kumi na mbili imeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Antena ya kuzunguka pande zote yenye dBi 9 halisi hukaribia sentimita 40, kwa sababu ndani yake lazima vipande kadhaa vya nusu wimbi vipangwe kimoja juu ya kingine. Mwandiko hauwezi kufupisha wimbi. Kwa hiyo antena ya sentimita 20 inayojiita 12 imeshakiri uongo wake kabla hujatoa pesa. Hata urefu wenyewe si ushahidi. Nilimpasua jamaa mmoja mrefu kwa kisu, kuanzia nchani. Sehemu kubwa ya kwanza ilikuwa plastiki tupu, hewa. Karibu na mzizi kabisa nikakuta kebo nyembamba, juu yake kipande cha waya kifupi kuliko kidole cha mwisho, na chini yake kibomba cha shaba. Daipoli ileile ya dBi 2, imevishwa kanzu ya mtu mzima. Ajabu ni kwamba mwenyewe angefurahi nayo, kwa kuwa haikuwa na ule wembamba wa mwale niliousema.

Konekta nazo ni mtego. SMA na RP-SMA zina meno ya skrubu yaleyale na hufungana bila malalamiko. Tofauti iko katikati: moja ina pini mahali ambapo nyingine ina tundu. Ukikutanisha tundu na tundu, umefunga vizuri, imekaza, imependeza, na katikati hakuna kinachogusana. Ukikutanisha pini na pini, unapinda au kuvunja konekta ya rimoti, na hiyo hununui kwenye ndoo. Hiyo RP-SMA ilienea kwa sababu ya kanuni za Marekani: kifungu cha 15.203 cha FCC kinamtaka mtengenezaji ama aifunge antena moja kwa moja, ama atumie konekta ya pekee ili mtu asibandike antena nyingine yoyote. Konekta ikageuzwa ndani kuwa nje. Soko likaanza kutengeneza antena za konekta hiyo iliyogeuzwa, na uzio ukawa mlango.

Kuna pia antena za gigahezi 5.8, zile za video za droni, zenye konekta hizohizo na umbo linalokaribiana. Ukiifunga kwenye rimoti ya 2.4, sehemu kubwa ya nguvu inagonga ukuta na kurudi ilikotoka, kwenye saketi ya mwisho ya rimoti, ambayo haikuombwa kuipokea. Hata kurusha bila antena kabisa watengenezaji hukataza kwa sababu hiyohiyo. Wenye kupenda vipimo siku hizi hununua kifaa kidogo cha NanoVNA, na kile cha toleo la V2 hupima hadi gigahezi 3, kinatosha. Kitakuonyesha ni kiasi gani kinarudi: uwiano wa 2 kwa 1 unarudisha asilimia 11 ya nguvu, wa 3 kwa 1 unarudisha robo. Kizuri, lakini kisikulevye. Kipingamizi cha oomu 50 kilicholehemiwa kwenye konekta kitapata alama bora kuliko antena yoyote iliyowahi kutengenezwa, na hakitatuma chochote angani. Kipimo hicho kinakwambia nguvu haikurudi. Hakikwambii imekwenda wapi.

Waliobaki na rimoti za zamani wana kisa chao, na humo ndimo imani ya "ndefu ni bora" ilimozaliwa. Kabla kampuni ya Spektrum haijaleta rimoti ya DX6 ya gigahezi 2.4 mwaka 2005 na DX7 mwaka uliofuata, ndege zilirushwa kwa megahezi 72 Marekani na 35 Ulaya, na magari ya kuchezea mengi yako kwenye 27 hadi leo. Megahezi 72 ina wimbi la mita nne na kitu, robo yake mita moja na sentimita chache, na ndiyo urefu wa ile antena ya kuvuta iliyokuwa ikimchoma jirani jicho. Aliyerusha bila kuivuta yote alilipia. Kwa hiyo kizazi kizima kilijifunza kwa uchungu kwamba antena fupi ni ajali. Funzo lilikuwa sahihi kwa rimoti ile. Lakini hata huko halikuwa funzo la urefu, lilikuwa funzo la kulingana. Megahezi 27 ingedai robo wimbi ya mita karibu 2.8, kitu ambacho hakuna mtoto atakishika, kwa hiyo mtengenezaji aliweka antena fupi na kuifidia kwa koili ndani ya rimoti, iliyopimwa kwa urefu ule na si mwingine. Fundi akiitoa iliyovunjika na kubandika ya redio ya kaseti kwa sababu ni ndefu zaidi, koili haijui hilo. Gari litakwenda, ndiyo, ila rimoti imetoka kwenye mlingano wake, na urefu ulioongezwa unaweza kupunguza umbali. Ukipata ya redio yenye urefu uleule wa ya zamani ikiwa imevutwa yote, hapo umepata antena.

Nina deni moja kwa wapinzani wangu, nami nalilipa. Wapo wanaorusha mbali kwa miwani ya video, kilomita kadhaa, upande mmoja unaojulikana, na hao wana haki ya kutumia antena ya mwelekeo. Antena ya Moxon, iliyobuniwa na Mwingereza Les Moxon, hutupa mawimbi mbele na kunyima nyuma. Yagi, iliyotoka kwa Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi wa Japani katika miaka ya 1920, hubana zaidi. Mtu wa namna hiyo huweka rimoti au moduli yake juu ya tripodi, anajua mwale unatazama wapi, na ana skrini inayomwambia nguvu ya mawimbi kila wakati. Tena wengi wao wameshahamia mifumo kama ExpressLRS au Crossfire, ambayo umbali wake unatokana zaidi na namna ya kusimba mawimbi na usikivu wa risiva, ama na masafa ya chini ya megahezi 868 na 915, kuliko ukubwa wa kijiti. Huyo simgusi. Ninayesema naye ni yule anayerusha kwa macho, rimoti mkononi, kiatu kwenye nyasi, akiwa ameazima dawa ya mgonjwa mwingine.

Na kuna ushahidi mmoja ambao huletwa kila mara kama msumari wa mwisho: "Mimi nilibadilisha, na tangu siku ile haijakatika." Naamini. Kipya kinyemi. Lakini uliza ya zamani ilikuwaje. Kwenye bawaba, pale inapokunjwa kila siku ya Mungu, kebo nyembamba ndani yake hukatika kidogo kidogo. Kwa nje kijiti kizima, kwa ndani uzi umebaki mmoja. Antena iliyokatika hupoteza desibeli nyingi mno, na yoyote utakayoweka mahali pake, hata ya dBi 2 ya bei ya soda, itakuwa muujiza. Aliyebadilisha hakushuhudia ukuu wa dBi 9. Alishuhudia tofauti kati ya antena na kutokuwa na antena. Angenunua kama ya mwanzo angepata uponyaji uleule, na mwale mpana juu yake.

Sheria nayo haiko upande wa kubana. Ulaya, kiwango cha EN 300 328 kinaweka kikomo cha miliwati 100 kwenye masafa haya, na kikomo hicho huhesabiwa pamoja na antena, kwa upande ule inakotupa zaidi. Rimoti iliyopangwa kugusa kikomo hicho ikiwa na dBi 2, ukiipa 9 umezidisha desibeli 7, ambazo ni mara tano. Hujaongeza nguvu, nimesema hivyo mwenyewe hapo juu. Lakini waliosimama mbele ya mwale wako wanapokea kana kwamba umeongeza, na mwenzako wa uwanjani ni mmoja wao.

Rimoti nyingi zina hali ya kujaribia umbali: unashikilia kitufe, nguvu inashushwa, unatembea hatua 30 hivi kutoka kwenye ndege kama Spektrum wanavyoelekeza, na usukani lazima uendelee kutii. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya antena yoyote iliyobadilishwa, na aifanye kila anayebadilisha, injini ikiwa imefungwa kamba na mtu akiigeuza ndege huku na huku. Ila kwa anayebisha makala hii nataka zaidi. Achukue rimoti inayoonyesha nguvu ya mawimbi iliyopokelewa, aweke ndege juu ya ngazi ya mbao upande wa pili wa uwanja mtupu, na aandike namba akiwa na antena ya kiwandani: imesimama, imeinama nyuzi 20 mbele, imeinama 20 nyuma, imelazwa kando huku akigeuka polepole kushoto na kulia. Kisha afunge ya dBi 9 arudie yote. Akimaliza, namba nzuri abaki nazo. Mimi aniletee ile mbaya kuliko zote katika kila safu.